Mwalimu wa Kiingereza Alianza Kuchoka Lini?

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka nchi yetu hucheza mchezo mmoja: kumtafuta mchawi. Waziri anasema yake, wabunge wanasema yao, na kwenye daladala kila abiria anageuka mtaalamu wa elimu. Mwisho wa yote mchawi anapatikana. Ni mwalimu. Na kati ya walimu yupo mmoja ambaye hata walimu wenzake humnyooshea kidole: mwalimu wa Kiingereza. Mwanafunzi kafeli Baiolojia? Hakuelewa swali, Kiingereza chake kibovu. Kafeli Historia? Majibu alikuwa nayo kichwani, ila alishindwa kuyaandika. Haya, nani alimfundisha Kiingereza?

Leo nataka tuzungumze habari za mtu huyo. Kiingereza chake tukiache kwanza, tuzungumze kichwa chake na moyo wake. Nazungumzia hasa yule mzoefu, aliyesimama mbele ya ubao miaka 20, 25 au 30. Wengi wetu tunadhani mzoefu hana shida, kazi ameshaizoea, anafundisha huku amefumba macho. Mimi nasema historia yetu imefanya kinyume chake. Kila baada ya miaka kadhaa nchi hii imebadili mawazo kuhusu Kiingereza, na kila ilipobadili, aliyekuwa darasani siku hiyo ndiye aliyebebeshwa mzigo. Kadiri ulivyokaa kazini muda mrefu, ndivyo ulivyobebeshwa mara nyingi zaidi.

Naandika haya nikiwa Dodoma, na Dodoma ni mahali pazuri pa kulifikiria jambo hili. Katika mkoa huu Waingereza waliacha vitu viwili vilivyopishana kwa karibu mwaka mmoja. Mwaka 1926 kilianza chuo cha ualimu Mpwapwa. Mwaka 1927 ikaanza hospitali ya Mirembe hapa mjini, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyokuja kuwa ya taifa zima. Chuo cha kutengeneza walimu kule, hospitali ya akili huku, na kati yao mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Kwa karibu miaka 100 taasisi hizi mbili zimeishi mkoa mmoja, lakini ni nadra sana kusikia zikitajwa katika sentensi moja. Mwalimu ni wa kufundisha, Mirembe ni ya "vichaa". Nani awakutanishe?

Hebu turudi nyuma kidogo.

Baada ya Azimio la Arusha na kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea, vyote vya mwaka 1967, serikali iliamua kwamba masomo yote ya shule ya msingi yafundishwe kwa Kiswahili. Ulikuwa uamuzi mzuri, na mimi ni mmoja wa wanaoufurahia. Lakini sekondari iliachwa kwenye Kiingereza. Maana yake nini? Maana yake mtoto atasoma miaka saba kwa lugha anayoielewa, Kiingereza akikutana nacho kama somo tu, kisha siku moja ya Januari anavuka mto na kukuta ng'ambo kila kitu ni Kiingereza: Fizikia, Jiografia, hata matangazo ya mstarini. Daraja la kuvukia mto huo halikujengwa. Badala yake akasimamishwa mtu katikati ya maji, awabebe watoto mgongoni. Mtu huyo ni mwalimu wa Kiingereza.

Wakati ule mzigo ulibebeka, maana waliochaguliwa kwenda sekondari walikuwa wachache sana. Hapa Dodoma palikuwa na shule kama Mazengo, ambayo kabla ya kupewa jina la yule mtemi maarufu wa Ugogo ilijulikana kama Alliance. Darasa la wanafunzi wachache waliochujwa, vitabu vipo, mwalimu anaheshimiwa mtaani. Hata hivyo tusijidanganye kwamba kila kitu kilikuwa sawa, kwa sababu mgongano wa lugha ulishaanza.

Kisha likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974. Watoto wote waingie shule ya msingi ifikapo mwaka 1977! Walimu watatoka wapi? Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafundisha ualimu hukohuko vijijini, wakisoma kwa vitabu na redio huku wakishika chaki. Zaidi ya 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Nchi nyingi za Afrika zilitushangaa, na kwa haki kabisa. Lakini miongoni mwa vijana hao walikuwamo waliotakiwa kufundisha somo la Kiingereza ilhali wao wenyewe walikuwa wamelisoma kama somo tu, tena kwa shida. Shukrani tuliyowapa ni jina la kejeli. "Mwalimu wa UPE" likawa tusi. Mtu alifanya kile ambacho taifa lilimtuma kufanya, kisha taifa lilelile likamcheka kwa jinsi alivyokifanya. Naomba ukumbuke jambo hili, maana litajirudia.

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, ilitoa taarifa yake. Tume ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985, kisha kipande hadi chuo kikuu. Fikiria wewe ni mwalimu wa Kiingereza mwaka huo. Unaambiwa miaka mitatu ijayo hutakuwa tena mlango wa masomo yote, utakuwa mwalimu wa somo lako kama wenzako. Huenda unaogopa kidogo, huenda unashusha pumzi. Halafu serikali ikakataa pendekezo hilo.

Mwaka 1984 walikuja wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, wakapima kiwango cha lugha katika shule zetu. Walichokikuta kilitisha. Hata wanafunzi wa kidato cha nne, ni kama mmoja tu kati ya kumi aliyekuwa amefikia kiwango ambacho mtu angeanza kusomeshwa kwa Kiingereza. Angeanza! Yaani karibu wote walimaliza sekondari bila kufika mahali pa kuianzia. Mtu wa kawaida angesema, basi tubadili lugha. Wataalamu wakashauri Kiingereza kiendelee na walimu wapigwe msasa. Mwalimu Nyerere naye, aliyekiinua Kiswahili kuliko kiongozi yeyote, miaka hiyo alikifananisha Kiingereza na Kiswahili cha dunia. Mwaka 1987 ukaanza mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza kwa fedha za Uingereza, vikaja vitabu vya hadithi na semina.

Sasa tazama hesabu ilivyokaa. Taarifa rasmi imesema watoto hawaelewi. Serikali imejua. Wafadhili wamejua. Lugha haijabadilika. Kitu pekee kilichoachwa kibadilike ni juhudi ya mwalimu. Kuanzia hapo, kila mtoto asiyeelewa akawa ni ushahidi dhidi ya mtu mmoja. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwenzake Zaline Roy-Campbell waliandika kitabu kizima kuhusu mgogoro huu mwaka 1997, na Qorro akaendelea kupiga kelele miaka yote iliyofuata kwamba kufundisha lugha ni kitu kimoja na kufundishia kwa lugha hiyo ni kitu kingine. Tumechanganya hivi viwili, na mwalimu wa Kiingereza ndiye anayelipa gharama ya kuvichanganya.

Miaka hiyohiyo ya themanini uchumi ulianguka na mshahara wa mwalimu ukabaki jina tu. Walimu wakauza maandazi, barafu na twisheni. Mwalimu wa kijijini Kondoa au Kongwa alifunga safari kwenda mjini kufuata mshahara, na nauli na chakula vikaula kabla hajarudi. Miaka ya tisini shule binafsi za msingi za Kiingereza zikaruhusiwa, wenye fedha wakawahamishia watoto huko, na wenye shule wakaanza kutafuta walimu kutoka Kenya na Uganda. Yule mzoefu wetu aliyeliendesha somo kwa chaki na kitabu kimoja kwa watoto watano akasikia kwamba Kiingereza cha Mtanzania hakifai. Mzazi aliyefundishwa naye ndiye aliyemwambia hivyo!

Halafu zikaja shule za kata. Mwaka 2004 nchi ilikuwa na shule za sekondari 1,291. Mwaka 2010 zilikuwa 4,266. Ndani ya miaka sita tu! Ni jambo la kujivunia kwamba mtoto wa Chamwino au Bahi anaweza kwenda sekondari akitokea kwao. Lakini walimu wakatafutwa tena kwa haraka, wahitimu wa kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa madarasani. Wabongo tukatoa jina tena: "voda fasta". Umeona? UPE, kisha voda fasta. Nchi inapika kwa haraka, halafu inamlaumu mwiko. Na mzoefu yuko wapi katika habari hii? Yuko shuleni akifundisha vipindi vyake, akiwaelekeza hao voda fasta, na akipokea kidato cha kwanza ambao baadhi yao hawawezi kusoma sentensi moja ya Kiingereza.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme mwalimu ana mikondo minne, kila mmoja una wanafunzi 60. Akitoa insha moja tu, ana madaftari 240 mezani. Akitumia dakika tano kwa kila daftari, na dakika tano kwa insha ya lugha ni kulipua, hizo ni dakika 1,200, sawasawa na saa 20. Insha moja! Mwalimu wa Hisabati anaweza kuweka tiki au kosa akaendelea. Mwalimu wa lugha lazima asome kila mstari, aone kosa la kitenzi, aandike sahihi yake, na ajue kwamba wiki ijayo atalikuta kosa lilelile. Afanye hivyo miaka 25. Ndiyo sababu wengi wameacha kutoa insha, na sisi tunasema wamekuwa wavivu.

Kisha ukafika mwezi Februari 2013. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yakatangazwa: watahiniwa 240,903, sawa na asilimia 60.6, wamepata daraja sifuri. Mitaani palikuwa kama msibani. Tume ikaundwa, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, na mjadala ukawa mkubwa. Miezi michache kabla yake, tarehe 30 Julai 2012, Chama cha Walimu kilikuwa kimeanza mgomo wa nchi nzima, na mahakama ikausimamisha ndani ya siku chache. Nenda kasome madai ya mgomo ule, utaona kitu cha ajabu. Walimu walidai posho ya kufundishia ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na asilimia 50 kwa walimu wa sanaa. Mwalimu wa Kiingereza ni wa "sanaa". Yaani hata katika madai ya chama chake mwenyewe alipangwa chini, ilhali ndiye aliyeambiwa kwamba sayansi haieleweki kwa sababu yake.

Februari 2015 sera mpya ya elimu ikazinduliwa, ile ya mwaka 2014, ikisema Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Mwalimu mzoefu akaanza kufikiri upya: kumbe yale ya Makweta yanarudi? Miaka ikapita, sekondari hakuna kilichobadilika. Mwanzoni mwa 2025 ikazinduliwa sera hiyohiyo katika toleo la 2023, na Kiingereza kimebaki kuwa lugha ya kufundishia kuanzia kidato cha kwanza. Mwalimu aliyeajiriwa mwaka 1988 aliingia kazini wakati pendekezo la Kiswahili limekataliwa, akaliona likikubaliwa kwenye karatasi, akaliona likikataliwa tena, akastaafu. Kote huko hakuna aliyemuuliza, "Wewe unaonaje?"

Nimemtaja mwalimu wa mwaka 1988 kwa sababu namfahamu. Ni shangazi yangu. Alifundisha Kiingereza katika shule mbalimbali za mkoa huu, alistaafu mwaka 2024, na ameniruhusu niandike haya bila kumtaja jina. Nilikuwa namwona kama mwanamke wa chuma. Tulipozungumza mwaka jana ndipo aliponieleza kwamba miaka kumi ya mwisho hakuwa akilala wiki nzima kabla ya matokeo. Alikuwa anaamka saa nane usiku na kuanza kusahihisha, si kwa bidii, ila kwa sababu akili ilikataa kutulia. Aliacha kusoma riwaya za Kiingereza alizozipenda tangu ujana, akisema kila akifungua kitabu anaona makosa ya wanafunzi. Na kilichomchosha kuliko vyote, aliniambia, ni kuigiza. Kila siku alifundisha kwa kuchanganya Kiswahili ili watoto waelewe, maana bila hivyo wanamtazama tu. Mkaguzi akija, Kiswahili kinafichwa, watoto wanakaa kimya, somo linakuwa tamthiliya. Mkaguzi anaandika kwamba wanafunzi hawashiriki. Mkaguzi akiondoka, Kiswahili kinarudi na watoto wanaanza kunyoosha mikono. Miaka 36 ya kuficha kitu ambacho ndicho kinachofanya kazi.

Siku moja akiwa na mawazo, mwalimu mwenzake kazini alimtania kwamba akiendelea hivyo ataishia Mirembe. Watu wakacheka, naye akacheka. Alipoona hali inazidi alitafuta mtu wa kuzungumza naye, na akampata. Wapi? Morogoro. Shangazi yangu anakaa kilomita chache kutoka hospitali ya taifa ya afya ya akili, lakini alikuwa anapanda basi kilomita zaidi ya 250 ili asionekane akipita geti lile. Nyumbani alisema anakwenda kumwona rafiki mgonjwa. Alichokihofia si ugonjwa. Alihofia wanafunzi wake wasije wakasema tiicha kachanganyikiwa.

Nami nimekulia katika lugha hiyo. Mtu akibishana na wewe unamwambia amekimbia Mirembe. Ni utani wa nchi nzima, tunautumia kwenye soka, kwenye siasa na kwenye mapenzi. Hapa Dodoma utani huo una anwani, na walio karibu na anwani hiyo ndio wanaoogopa zaidi kuitumia. Nchi ilitunga Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2008, lakini sheria haiwezi kufuta utani.

Wenzetu wameyaandika mambo haya kwa muda mrefu. Mwaka 1974, mwaka uleule wa Azimio la Musoma, mwanasaikolojia mmoja wa New York aitwaye Herbert Freudenberger alieleza hali ya watu wanaojitolea sana kuwahudumia wengine mpaka wanabaki majivu. Baadaye Christina Maslach wa California akaigawa hali hiyo sehemu tatu: kuishiwa nguvu za moyo, kuwa baridi au mkali kwa watu unaowahudumia, na kuona kwamba kazi yako haina maana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaitambua kama hali inayotokana na kazi, si ugonjwa. Zingatia maneno hayo, inatokana na kazi. Si udhaifu wa mtu. Sasa soma tena zile sehemu tatu ukimfikiria yule mwalimu wako aliyekuwa anaingia darasani amenuna, anawaita nyie mbumbumbu, anaandika notisi ubaoni na kuondoka. Tulimwita mkorofi. Huenda alikuwa mtu aliyeishiwa.

Yuko pia mtafiti aitwaye Michael Huberman, aliyewafuatilia walimu wa sekondari wapatao 160 huko Uswisi. Aliona kwamba mwisho wa safari ya ualimu unaweza kuwa wa namna mbili. Wapo wanaotulia na kuifurahia kazi, wasio na haraka tena, na wapo wanaoondoka na uchungu. Mabadiliko makubwa yanayoletwa kutoka juu, yasiyozaa matunda, huwaachia walimu uchungu. Hao ni walimu wa Uswisi, wenye mishahara ya Uswisi na madarasa ya Uswisi! Ya kwetu jaza mwenyewe.

Na uchungu wa kwetu una nyongeza yake. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha ajira na upandishaji vyeo ili kuhakiki watumishi hewa na vyeti. Kulikuwa na sababu, lakini wapo waliokaa miaka wakisubiri daraja walilostahili, mpaka wengine wakastaafu. Kisha likaja suala la kikokotoo. Kuanzia Julai 2022 mafao ya mkupuo yakawa asilimia 33, wakati mwalimu wa serikali alikuwa amezoea kuhesabu asilimia 50. Mwaka 2024 yakapandishwa hadi asilimia 40 kwa kundi lake. Mtu aliyepanga kujenga nyumba Nkuhungu au Nala kwa mkupuo wake, unadhani miaka ile miwili alilala vipi? Ndiyo maana nasema uzoefu katika nchi yetu haumpi mwalimu ganzi. Unamwongezea tu orodha ya ahadi anazozikumbuka.

Kuna kitu kingine kinachonichekesha na kunikera kwa pamoja. Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na Bunge linakaa hapa. Mimi kama mwandishi nimewasikiliza waheshimiwa wakijadili elimu mara nyingi. Wanajadili kwa lugha gani? Kiswahili, tena kizuri, chenye methali na vijembe. Mwaka 2021 walipitisha hata sheria ya kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama. Hoja zinaeleweka, taarifa zinatolewa, watu wanapiga makofi. Kisha unatoka nje ya geti, unapanda bodaboda dakika kumi, unafika shule ambako mtoto ameadhibiwa kwa kuuliza swali kwa lugha hiyohiyo. Na anayetakiwa kusimamia adhabu hiyo ni nani? Unamjua.

Nisieleweke vibaya. Sisemi Kiingereza kifukuzwe. Mimi mwenyewe kimenisaidia kupata kazi, na wapo walimu wa Kiingereza hapa Dodoma ambao wanaipenda kazi yao hadi leo na wanafunzi wao wanang'aa. Nasema tuache kujifanya kwamba kuchoka kwao ni suala la tabia, la kutibiwa kwa semina ya siku mbili yenye soda na bahasha. Kuchoka huku kuna tarehe: 1967, 1974, 1982, 1984, 2004, 2013, 2015, 2025. Kitu chenye tarehe kimefanywa na watu, na watu wanaweza kukifanya tofauti.

Kwa mfano, ni nini kinazuia mwalimu kuruhusiwa kwa uwazi kutumia Kiswahili kueleza jambo gumu, ili ile tamthiliya ya mkaguzi ikome? Haihitaji fedha za mfadhili. Ni nini kinazuia mwalimu wa lugha kupewa mikondo michache zaidi, kwa kuwa kila mtu anajua insha haisahihishwi kama hesabu? Na kwa nini mwalimu wa Dodoma asipate mshauri nasaha kwenye kituo cha afya cha kawaida, au kwenye ofisi za chama chake kinachomkata ada kila mwezi, bila kulazimika kupita kwenye geti linaloogopwa au kupanda basi la Morogoro? Hospitali ya taifa iko mlangoni kwetu. Wataalamu wake wakitembelea shule, watakutana na watu wengi sana ambao hawajawahi kuvuka geti lao.

Sisi tuliosoma tunaweza kuanza na kidogo zaidi. Tuache ule utani wa Mirembe, kwanza. Halafu kila mmoja wetu amkumbuke mtu aliyemfundisha kuandika sentensi yake ya kwanza ya Kiingereza, hata ile mbovu. Inawezekana yuko hai, yuko Mpwapwa, Kongwa au Ipagala, amestaafu au amebakiza miaka miwili. Mpigie. Usimwombe ushauri wala usimpe pole ya jumla. Muulize ilikuwaje, halafu nyamaza umsikilize. Katika miaka yote hiyo ya tume na sera, inawezekana wewe ndiye mtu wa kwanza kumuuliza.